Siku Oksijeni Ilipobweka

Povu la kwanza lilipobweka, Eusebia Kihwele alidhani ni masikio yake. La pili lilipobweka, aliitazama njiti ya kiberiti kana kwamba yenyewe ndiyo yenye kosa. La tatu lilibweka kuliko ndugu zake wote wawili, na hapo akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, nyuma ya hospitali ya Luhimbani, kama mtu aliyekuja kuota jua.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kitoto. Unachukua sahani ya maji ya sabuni, unaifikisha kwenye kibomba kidogo cha kupimia, unaiacha hewa ipulize mapovu matatu manne. Unafunga. Unaisogeza sahani mbali, unawasha. Bomba la buluu ni la oksijeni, na oksijeni safi ikikutana na moto haina kelele: moto hung'aa kidogo, ukapata nguvu kama mgonjwa aliyepewa supu, basi. Mwenye mdomo ni haidrojeni, yule wa bomba jekundu. Mchanganye na oksijeni, umguse na moto, atabweka. Bu! Kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Na sasa bomba la buluu, lile lililoingia moja kwa moja kwenye ukuta wa wodi, lilikuwa linabweka.

Aliinua macho kwenye nguzo palipofungwa kinusi, kile kidude cha kunusa gesi iliyopotea njia. Taa ya kijani. Sifuri.

"Mwongo mkubwa wewe," Eusebia alikiambia.

Alfajiri ile alikuwa amefungua kinu cha gesi cha nyumbani kwake, kwa sababu tu usingizi ulikuwa umemkataa. Dokta Osmund Mapunda, mwalimu wake, alikuwa amelala ndani ya jeneza akingoja kuzikwa mchana, na Eusebia alitaka kushika kitu walichokitengeneza pamoja. Akakishika. Akakiona. Afadhali angelala.

Maji, ndugu yangu, ni ndoa ngumu. Haidrojeni wawili na oksijeni mmoja wamekumbatiana tangu dunia haijapoa, na ukitaka kuwaachanisha lazima uwapitishie umeme. Tatizo ni kwamba umeme mwingi ulikuwa unapotea bure kwenye ugomvi, ukageuka joto. Ndipo huhitajika kichocheo, yule mshenga wa kinyume anayekaa katikati na kulifanya gumu kuwa jepesi, bila yeye mwenyewe kuliwa. Vichocheo vya zamani vilikuwa vya madini ya kuvaliwa na malkia. Dokta Mapunda na mwanafunzi wake walipika cha kwao kwa nikeli na chuma, kikagandia juu ya wavu mweusi tii, na Eusebia alipouona kwa mara ya kwanza chini ya beseni akasema, "Dokta, umeunguza wali." Jina likabaki hilo: ukoko.

Kwa ukoko, paneli ya jua yenye upana wa mkeka iliweza kupasua maji ya kutosha kupika ugali, kuwasha taa, na bado ikabaki gesi ya kumpa jirani. Kila nyumba ya Luhimbani ikapata kinu chake chini ya paa. Ndani ya kinu nyavu mbili za ukoko, katikati kiwambo cha kutenganisha, huku inatoka nyekundu, kule inatoka buluu, na zote zinaingia kwenye mabomba ya mji. Hapakuwa na swichi moja ya kuzima kila kitu. Walibuni hivyo makusudi, ili asitokee mkubwa siku moja akaushika mji kooni.

Sifa kubwa ya ukoko ilikuwa kwamba ukichubuka unajiponya. Unaokota chembe za chuma zilizomo majini, unajiziba wenyewe. Kwa sifa hiyo walipigiwa makofi mpaka ng'ambo. Kisha mwaka huu ukaja ukame, mji ukahamia kwenye kisima kipya kirefu, na maji ya kisima kile yalikuwa na chuma kiasi cha kupaka ndoo rangi ya kutu. Ukoko ulikula. Ukanenepa. Ukaota ndevu nyeusi nyembamba, na ndevu zile zikapenya kiwambo upande hadi upande. Kilichokuwa ukuta kikawa chekeche.

Na ukoko uliochukuliwa na unyevu wa mabomba ulikuwa umepanda hadi kwenye vinusi, ukavipaka pua. Haidrojeni ikifika pale, ukoko unaiunguza kimyakimya kabla kinusi hakijainusa. Ndiyo maana ya kijani. Ndiyo maana ya sifuri.

Eusebia alisimama, akafuta makalio, akaanza kukimbia kuelekea msibani.

*

"Ficheni mbwa!" mtu alipaza sauti alipomwona anaingia kwenye turubai la msiba, kando ya uzio wa makaburi.

Kicheko kikapita safu hadi safu. Watu walikuwa wamemngoja tangu asubuhi. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu, wakauana hadi wakachoka, kisha wakageuza mikuki kuwa maneno; tangu hapo wakawa watani, Mhehe akaitwa mla mbwa, na msiba wa Mngoni bila Mhehe wa kuufanyia vituko ni kama mboga bila chumvi. Na Luhimbani yote haikuwa na Mhehe mwenye ulimi kama Eusebia. Alishawahi kuvaa koti la marehemu mmoja na kuwadai wajane posho. Alishawahi kuliketia jeneza akidai ni benchi.

Leo hakujibu. Wakazidi kufurahi. Walijua anawavuta.

Ladislaus Gama, mwenyekiti wa umoja wa gesi, alikuwa amesimama karibu na wapishi, akihesabu majiko kwa kidole. Majiko makubwa ya msiba yalikuwa yamepangwa safu ndefu, mpira mwekundu mnene umevutwa kutoka bomba la mji, sufuria zinazotosha kuogeshea mtoto zimekaa juu zikingoja. Moto haukuwashwa popote. Luhimbani mji mzima haupiki mpaka jeneza lishuke; likishuka tu, mtu wa makaburini anapiga filimbi, na majiko yote yanawashwa kwa mkupuo, ili waombolezaji wakirudi wakute chakula.

"Shemeji," Eusebia alimwita. Ladislaus alikuwa kaka wa mume wake, Kastory. "Shemeji, njoo kando."

"Kando kuna nini? Unataka kunila na mimi?"

"Oksijeni inabweka."

Ladislaus akamtazama. Kisha akatupa kichwa nyuma. "Jamani, mmesikia? Mapunda hajazikwa, Mhehe ameshasikia kitoweo ndani ya bomba!"

Wapishi wakaangusha miko. Mama mmoja alishika mbavu akaegemea sufuria.

"Nimepima kwa povu. Viwambo vimetoboka. Haidrojeni imevukia upande wa buluu, na mkiwasha majiko haya..."

"Mle basi! Kama inabweka, mle!" Ladislaus alimkata.

"Ladi!" Aliushika mkono wake. "Nisikilize kama vile mimi siyo mimi."

Hapo Ladislaus alipunguza kicheko, akamvuta nyuma ya turubai. Akatoa simu, akampa aone. Vinusi vyote vya mji, kijani, kijani, kijani.

"Vimezibwa pua na ukoko," Eusebia alisema. "Umeota ndevu, umepenya viwambo, umesafiri kwa mvuke hadi juu ya nguzo."

"Umeota ndevu, umesafiri. Bado kuoa tu."

"Mkiwasha majiko yote kwa pamoja, mtavuta haidrojeni nyingi kwa ghafla. Upande mwekundu utalegea, oksijeni itasukumwa kuingia huko kupitia matundu yale yale. Moto utakuta chakula chake tayari kimechanganywa ndani ya bomba. Hautakaa jikoni, Ladi. Utarudi na bomba, nyumba hadi nyumba."

Ladislaus aliichukua simu, akairudisha mfukoni. Uso wake ulikuwa na pande mbili, na kwa kitambo kidogo Eusebia aliona upande ule mwingine ukijitokeza, ule wa mtu aliyewahi kuzika watu.

"Tuseme si utani," alisema polepole. "Unataka nini?"

"Kila nyumba ifunge kinu chake, nyekundu na buluu. Kisha tufungue vitoleo vya mlimani, gesi ipae zake."

"Na buluu ikifungwa, wodi itapumua nini?"

Eusebia aligeukia upande wa hospitali.

"Kastory atapumua nini?"

Kinywa chake kilifunguka, hakikutoa kitu. Na Ladislaus, Mungu amsamehe, alipouona ukimya ule alifarijika. Alicheka kwa pumzi ndefu, akampigapiga begani.

"Umeona? Ulikaribia kunikamata, mama. Ila hapo umevuka. Hakuna mke duniani anayeomba hivyo. Huu wa leo ni mkali, utunze kwa kaburini."

Akaenda zake kuhesabu majiko.

*

Hospitali ilikuwa na mitungi ya zamani ya oksijeni stoo, iliyobaki kutoka enzi za kabla ya bomba. Muuguzi Fidea alimwonyesha bila kuuliza maswali mengi. Alikuwa amesikia ile "bu" ya tatu kupitia dirisha, na yeye si Mngoni wala Mhehe, ni Mmatengo, hakuwa na sababu ya kucheka.

"Itatosha hadi jioni, lori la Songea likija na mingine?" Eusebia aliuliza.

"Kwa watoto wale pacha waliozaliwa njiti, yule mama wa upasuaji na mzee wa nimonia, itatosha." Fidea aliitazama sakafu. "Kwa wanne."

"Wapo watano."

"Ninajua wapo watano, dada."

Walisimama pale stoo, harufu ya spiriti na vumbi. Kisha Eusebia akainama, akakumbatia mtungi mmoja, akaubeba. Fidea hakumzuia. Alimtazama tu, na kutazama kwake kulikuwa kuzito kuliko mtungi.

Aliupeleka hadi kwenye gari lake uani. Akauweka kiti cha nyuma, akaufunga mkanda. Mawazo yalikuwa yamejipanga yenyewe bila kuitwa: amchukue Kastory kwa kiti cha magurudumu, watoke kwa barabara ya mashambani, saa moja watakuwa mbali. Alikuwa amewaambia. Alikuwa amewaambia mbele ya wapishi na mwenyekiti. Kama watu wameamua kucheka hadi kufa, je, yeye ni nani awaharibie? Aliingia, akashika usukani.

Akatazama kioo. Mtungi ulikuwa umekaa wima nyuma, umefungwa mkanda, mwekundu wa kutu, umependeza kama mtoto anayepelekwa kliniki kwa mara ya kwanza.

Alicheka. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote: kwamba hata hapo, hata saa ile, kitu ndani yake kilicheka. Kikacheka hadi kikageuka, akauma mgongo wa mkono wake asisikike na wagonjwa. Alipomaliza, akafungua mkanda, akambeba yule mtoto wa chuma kumrudisha kwa wenziwe.

Kastory alikuwa ameketi kitandani, mpira umeingia puani, magazeti ya juzi magotini. Mapafu yake yalikuwa yameachwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Kilichobaki kifuani, alipenda kusema, ni risiti. Miaka miwili sasa alikuwa anaishi kwa ukuta ule, na pumzi yake aliipima kama mtu anayekula akiba ya mbegu.

"Unanuka kiberiti," alisema. "Umechoma... nyumba ya nani?"

Alimweleza. Povu, ndevu, vinusi, majiko, shemeji. Alimweleza yote ila habari ya mitungi. Kastory hakucheka. Katika watu wote wa mji ule, yule aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kumcheka, Mngoni aliyemwoa Mhehe ili apate wa kumtukana mpaka kufa, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Na mimi?" aliuliza.

"Nitatafuta njia."

"Mhehe hajui kudanganya." Akavuta pumzi. "Hata mbwa... wanamkimbia kabla hajafungua mdomo." Akavuta nyingine. "Mitungi ni ya wangapi?"

Eusebia alitazama dirishani.

"Haya," Kastory alisema, kama mtu aliyejibiwa. Alimshika kidole kimoja, kile cha pete. "Sasa sikia. Hawakusikii kwa sababu wewe ni mtani. Basi kuwa mtani. Nenda ukalale kaburini."

"Watacheka zaidi."

"Wacheke. Mtani akilala kaburini... hatolewi kwa mkono. Anakombolewa. Hujakombolewa, jeneza halishuki. Jeneza halijashuka..."

"Majiko hayawashwi," Eusebia alimalizia.

"Ndio maana nilikuoa. Una akili kidogo... kwa Mhehe." Akamwachia kidole. "Nenda. Mimi nipo."

*

Jua lilikuwa limesimama utosini alipowasili makaburini. Padri alishamaliza kunyunyiza maji. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, vijana sita wameshika, na mpiga filimbi ameweka filimbi mdomoni. Eusebia alipita katikati ya watu, akavua viatu, akarukia ndani.

Shangwe ilipasuka kama timu imefunga bao.

"Huyooo! Tulijua!"

"Mama, lala vizuri, kuna wadudu!"

Udongo ulikuwa baridi. Alilala chali, akaona anga imekatwa pande nne, na ukingoni vichwa vya watu wakimchungulia na meno yao yote nje. Ladislaus alipiga magoti ukingoni, uso umejaa furaha ya mwenye msiba aliyepata pa kupumzikia.

"Haya, mtani. Unataka nini? Jogoo?"

"Sitaki jogoo."

"Beberu!" mtu alipendekeza.

"Mbwa!" wengine wakaitikia, na kaburi likatikisika kwa vicheko.

"Nataka kila mtu mwenye kinu aende nyumbani kwake, afunge bomba jekundu na bomba la buluu," Eusebia alisema. "Hiyo ndiyo fidia yangu. Mkifunga, natoka."

Walicheka. Bibi mmoja akamrushia shilingi, ikampiga kifuani. Nyingine ikafuata.

"Mapunda mwenyewe angewaambia! Ukoko umetoboa viwambo! Mkiwasha yale majiko mji huu utaungua, na ninyi, na watoto wenu mliowaacha nyumbani!" Sauti yake ilianza kupasuka. "Nawaomba. Nawaomba, sicheki. Nitazameni, sicheki!"

"Anajua, huyu mama anajua!" mtu alisema kwa mshangao wa kweli. "Hata machozi ameyatoa!"

Ndipo Eusebia alipoelewa alipokuwa. Hakuwa kaburini kwa Mapunda. Alikuwa ndani ya kaburi lake mwenyewe, alilolichimba miaka ishirini kwa ulimi: kila alichosema kilikuwa mchezo, na kilio nacho kilikuwa mchezo, na kadiri alivyolia ndivyo mchezo ulivyonoga. Angeweza kukata mkono wake akawarushia, wangesifu ufundi. Alijikunja upande, akakumbatia magoti, akawa anasema tu "nawaomba, nawaomba" kwenye udongo, bila kujua anamwambia nani.

"Mtani," Ladislaus alisema, sasa kwa kuchoka kidogo, "mambo mazuri yana mwisho. Watu wana njaa. Chukua jogoo utoke."

Kisha kicheko kikakatika. Hakikufifia, kilikatika, kuanzia upande wa barabarani kuja kaburini, kama taa zinazozimwa chumba baada ya chumba. Vichwa vikaondoka ukingoni. Kaburi likajaa mwanga.

Eusebia alisikia magurudumu. Aliyajua yale magurudumu. Lile la kushoto lililia, na mara tatu alikuwa ameahidi kulitia mafuta.

"Kastory," Ladislaus aliita. "Kastory, mpira wako uko wapi?"

"Nimeufunga." Sauti ilikuwa nyembamba, inakuja vipande vipande. "Kwa mkono wangu. Fidea shahidi." Pumzi. "Mtani ametaka fidia. Ninyi mnampa kuku." Pumzi ndefu, yenye mluzi. "Mimi nimeleta... nilicho nacho."

Hakuna aliyesogea. Utani una mipaka yake na kila mtu anaijua bila kufundishwa: unaweza kucheza na jeneza, na mahari, na ukoo, na mbwa. Hakuna anayecheza na pumzi yake.

Ladislaus aliinuka. Alitazama mdomo wa mdogo wake, uliokuwa unaanza kuwa rangi ya zambarau. Kisha akatembea haraka hadi ulipoishia mpira mwekundu wa majiko, umbali mfupi tu nje ya uzio wa makaburi, akachukua kikombe cha bati cha mpishi, akatia sabuni na maji, akapuliza gesi ikawa mapovu. Akaenda nacho mbali, akakiweka juu ya jiwe. Alifunga njiti kwenye ncha ya fito ndefu, akaiwasha, akaigusisha mapovu. Haidrojeni peke yake ingewaka kwa "pyu" ya unyenyekevu, na kila mtu Luhimbani aliijua sauti hiyo, ndiyo ya kila asubuhi.

Mlio ulikuwa kama radi iliyoanguka ndani ya debe. Kikombe kiliruka juu ya vichwa vya wapishi, kikarudi kimebonyea kama kilichokanyagwa na trekta. Mtoto mmoja akalia. Mtu mzima mmoja pia.

"Nendeni nyumbani," Ladislaus alisema. Kisha akapiga kelele ambayo mji ule haukuwahi kuisikia kinywani mwake: "Fungeni! Kila mtu! Nyekundu na buluu, fungeni, na vitoleo vya mlimani vifunguliwe, kimbieni!"

Wakakimbia. Kina mama wakakunja khanga, vijana wakaacha kamba na jeneza likakaa juu ya udongo, padri akakimbia na kanzu yake ameishika magotini.

Eusebia alipanda kutoka kaburini kwa viwiko. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hapakuwa na mtu aliyebaki ukingoni. Alipofika kwenye kiti cha magurudumu, Ladislaus alishafika mbele yake, amemshika Kastory mabega.

"Mrudisheni hospitali! Mitungi ipo, mimi nimeisaini mwenyewe. Muuguzi!"

"Ipo ya wanne," alisema Fidea, ambaye ndiye aliyekisukuma kile kiti.

"Basi mmoja apunguziwe!"

Fidea hakusema pacha wana uzito gani. Alimtazama Eusebia.

Ladislaus naye akamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu. "Wewe ni mke wake. Sema neno moja tu, shemeji. Neno moja, nakwenda kuuchukua mtungi mmoja kwa mikono yangu, lawama iwe yangu. Sema."

Kastory hakuwa na pumzi ya kuongea tena. Alikuwa anamtazama tu kwa yale macho yake ya kejeli, kama mtu anayengoja kuona mpinzani atacheza karata gani.

Kutoka bondeni sauti zilikuwa zinasikika, watu wakiitana uani kwa uani: "Mmefunga? Na kwa Ngonyani wamefunga?" Na mlimani vitoleo vilianza kupiga mluzi, gesi ya mji mzima ikienda zake angani.

Eusebia alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, dogo, tayari. Alilitafuna. Akalimeza. Kisha akatikisa kichwa, hapana, akapiga magoti, akakilaza kichwa cha mume wake begani kwake ili apumue kwa urahisi hizo zilizobaki.

Lori la Songea liliingia jua likizama. Wanne walikuwa wazima.

*

Walimzika Kastory Gama kando ya Dokta Mapunda. Hapakuwa na jiko la gesi lililowashwa. Chakula kilipikwa kwa kuni, na watoto wa Luhimbani, ambao hawakuwahi kuona moshi, walikuwa wakikohoa na kufurahi. Katika nyumba zote vinu vilikuwa wazi, nyavu zimetolewa nje, ukoko unakauka juani. Eusebia alikuwa amewaambia hautarudi ndani mpaka yeye aupatie njia ya kushiba.

Jeneza lilipofikishwa ukingoni, vijana walisita. Kila mtu alisita. Padri alikohoa. Watani walikuwepo, Wahehe wawili watatu waliokuja kutoka Iringa kwa ajili ya mkwe wao, lakini walisimama nyuma, kwa sababu mtani mkubwa wa marehemu alikuwa amevaa nguo nyeusi za mjane, na haijapata kutokea, na hakuna mzee aliyejua sheria yake.

Ladislaus alimsogelea. "Mama," alisema kwa upole, "leo wewe ni mjane. Kaa. Hatuhitaji utani."

Eusebia alivua viatu. Akavipanga vizuri, kimoja kando ya kingine. Akashuka kaburini taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

Vichwa vikaja ukingoni. Hapakuwa na jino lililoonekana. Nyuso zilikuwa nzito, zenye heshima, zenye kumwamini kabisa. Wangefanya lolote ambalo angewaambia siku ile, wangefunga kila kitu, wangehama mji. Alizitazama moja baada ya nyingine na baridi ikampanda kutoka mgongoni.

"Unataka nini, mtani?" Ladislaus aliuliza. Sauti yake haikufika mbali. "Chochote. Sema."

"Sitoki," Eusebia alisema, "mpaka mnicheke."

Upepo ulipita. Mtu mmoja akavuta kamasi. Ladislaus alifungua kinywa, akakifunga, midomo ikacheza, na Eusebia kule chini alingoja, ameuma meno, anamsihi kwa macho.

"Mla mbwa wewe," mzee alisema hatimaye, na sauti ikamvunjikia katikati. "Toka humo. Ndugu yangu alikuwa mnene, hamtatosha wawili."

Na mahali fulani nyuma, katikati ya kilio, mtu akaguna, akajaribu kujizuia, ikamshinda, akacheka.